Shangazi Anajibu: "Nilimwambia Baba Mkwe Kwamba Morogoro Jazz Si Jazi"

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, nina mke na mtoto mmoja. Napenda jazi ya Kimarekani kuliko muziki wowote. Filamu niipendayo ni ile ya Mfaransa Louis Malle ambayo Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, aliipigia muziki, na katika maandishi sijaona kinachoifikia hadithi ya mwandishi Mmarekani James Baldwin, "Sonny's Blues". Mwezi uliopita baba mkwe alitutembelea, akasema naye ni mpenzi wa jazi, kisha akaimba kipande cha Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Nilimweleza kwamba ule ni muziki wa dansi, nikamwekea santuri ya Miles, "Kind of Blue", na kumfafanulia kila mpigaji ili asikie tofauti. Tangu siku hiyo nikiweka muziki mke wangu huondoka sebuleni, na anasema nimemdhalilisha baba yake. Je, kusema ukweli ni kosa?*
*Mpenda Jazi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Ukweli wako ni nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuponza.

Ni kweli kwamba Mbaraka na Miles Davis hawakupiga muziki wa aina moja. Hata hivyo, jina la jazi lilikuwa limekwisha kuota mizizi kwetu kabla wewe hujazaliwa, na pengine kabla baba mkwe wako hajazaliwa, kwani Dar es Salaam Jazz Band ilianza katika miaka ya 1930, kisha zikafuata Western Jazz, Nuta Jazz na nyingine nyingi. Kwa watu wa wakati ule jazi ilikuwa bendi ya magitaa na tarumbeta inayojaza ukumbi hadi usiku wa manane, na iliyochota zaidi kwenye santuri za Kuba kuliko za New York. Morogoro Jazz walikwenda na jina hilo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na sijasikia kwamba kuna aliyewasimamisha mlangoni awasahihishe. Mzee alipokwambia kwamba anapenda jazi, alikuwa akisema Kiswahili sahihi kabisa.

Lakini mkeo hakukasirishwa na historia ya muziki. Baba yake alikuwa akiimba, mwanangu, na mkwe wake akamkatiza. Mzee anayeimba sebuleni kwa mkwewe amekwisha kuvua utu uzima wake kidogo ili awe karibu nawe, na wewe ukamrudisha darasani.

Halafu tazama ulichomwekea. Katika "So What", wimbo unaofungua santuri hiyo ya mwaka 1959, besi ya Paul Chambers inasema sentensi yake, na wenzake wanaitikia kwa mipigo miwili tu. Anasema tena, wanaitikia tena. Mtu aliyekulia kwenye nyimbo za kuitikiana angeyatambua hayo mwenyewe kabla dakika mbili hazijapita, na huenda angekugeukia akitabasamu, kama wewe ungekuwa umenyamaza. Nina hakika hakuisikia besi, kwa sababu alikuwa akikusikiliza wewe.

Kuhusu filamu sina mengi, ila jambo moja. Muziki ule ulirekodiwa Paris usiku mmoja wa Desemba 1957, Miles na wenzake wanne wakipiga huku vipande vya filamu vikipita mbele yao. Walitazama kwanza aliyekuwa akitembea kwenye picha, ndipo wakapuliza.

Hadithi ya Baldwin ndiyo inayonishangaza, kwa kuwa unasema unaipenda na bado hukujiona ndani yake. Kijana Sonny anamwambia kaka yake, mwalimu wa aljebra, kwamba anataka kuwa mwanamuziki wa jazi. Kaka, akitafuta la kusema, anauliza kama anamaanisha Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi ya zamani, na Sonny anachukia kana kwamba amepigwa. Yule kaka hamjui hata Charlie Parker, mpiga saksafoni mashuhuri wa jazi. Lakini mwishoni ni huyohuyo asiyejua majina anayeketi gizani klabuni, anamsikiliza mdogo wake akipiga piano, na anaelewa. Hakuna aliyemfafanulia.

Sasa fanya hivi. Mwombe radhi mkeo leo, bila kuongeza "lakini kwa kweli". Jumamosi nendeni wote kwa mzee, wala usibebe kitu chochote cha Miles. Baada ya salamu mwombe akuwekee Mbaraka, na gitaa la solo litakapoingia usimwambie linafanana na nini. Muulize tu mara ya kwanza alilisikia wapi, na alikuwa na nani siku hiyo. Mkeo naye asikie jibu. Huenda hata yeye hajawahi kumuuliza.