Mshipi unakatika Kilwa, rili inakwaruza Kyela

Swali: Nimezoea kuvua kwa fimbo pale Matema, Ziwa Nyasa. Nilipokwenda Kilwa, nikiwa nimesimama kwenye maji ya magotini, kolekole wawili walinikatia mshipi wa kusukwa wa kuhimili kilo 10. Ninunue wa kilo 20? Na tangu nirudi rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inakwaruza. – Msomaji, Kyela

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujanunua, itazame ncha iliyokatika. Ikiwa imechakaa na kutoka nyuzinyuzi, umesagwa na matumbawe. Ikiwa imekatika safi, mara nyingi ni meno, na huyo huenda alikuwa mzia. Ikiwa imekatikia penye fundo, rekebisha ufungaji.

Mimi nashuku matumbawe. Kolekole akinasa hukimbilia mwambani, na kwenye maji mafupi mshipi hupita juu ya kila jiwe. Mshipi wa kusukwa una nguvu ya kuvuta lakini hauvumilii kusuguliwa, hata wa kilo 20. Funga mbele yake nailoni ya mita 1.5 hadi 2, unene milimita 0.7 au 0.8. Kwenye fundo la kuungia, zungusha nailoni mara 4 na mshipi wa kusukwa mara 8, maana huo unateleza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fundo likikazwa kavu, joto la msuguano huidhoofisha nailoni. Waya wa sentimita 15 hadi 20 weka palipo na mzia tu, kwa sababu kwenye maji maangavu samaki wengine huuona na kukiacha chambo.

Breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki anapovuta, isizidi kilo 3 kwa mshipi wa kilo 10. Ipime kwa mizani ya kuning'iniza, usikisie. Samaki akikimbia, inua fimbo juu ili mshipi usilale kwenye mwamba.

Ziwani hukuzoea kupwa na kujaa kwa maji. Baharini samaki hupanda mwambani maji yanapojaa, hivyo saa nzuri ya kuvua ndiyo hiyo hiyo ya hatari: mkondo ulio nyuma yako hujaa kabla ya pale uliposimama. Rudi mapema, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu. Vaa viatu vya soli nene, na mchangani buruta miguu ili samaki aina ya taa wakupishe.

Rili imeingiwa na chumvi. Siku nyingine isafishe huko huko Kilwa, kabla ya kupanda basi: kaza breki kabisa maji yasipenye ndani, mwagia maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo bila kuizamisha, ikaushe kivulini, kisha legeza breki. Hiyo ya sasa usiipake mafuta kwa nje tu. Ifunguliwe, chumvi ioshwe, na beringi yenye kutu ibadilishwe.