Rangi zote zile za Hayter zimetoka kwenye bamba moja

Katika picha za kuchapa za rangi nyingi za msanii Hayter, ni bamba moja tu la metali, na hupita kwenye mashine ya kuchapia mara moja. Mbinu hiyo ilikuzwa Atelier 17, karakana ya kuchapa picha huko Paris, miaka ya 1950, baada ya Stanley William Hayter kurudi kutoka New York. Wasanii Krishna Reddy na Kaiko Moti walichangia sana. Bamba huchimbwa kwa asidi kwa vina tofauti. Rola ngumu hupaka wino sehemu za juu, rola laini hufika hadi mashimoni, na palipo na wino wenye mafuta mengi, wino mzito haushiki. Ndiyo maana rangi hukaa bega kwa bega bila kuvurugana, jambo la ajabu kweli. Ila litografia, yaani kuchapa kwa jiwe, ni habari nyingine: huko kwa kawaida kila rangi ina jiwe lake.