Swali la lugha: Taifa la Ugiriki au dola la Ugiriki?

Swali: Kwenye insha ya historia niliandika, "Taifa la Ugiriki lilizaliwa 1830." Mwalimu amekata "taifa" akaweka "dola". Kwani si kitu kimoja?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi, ingawa kosa lako linaeleweka. Kila siku tunasikia "timu ya taifa" na "hotuba kwa taifa", na hapo taifa ni nchi tu. Lakini ukisema "vyombo vya dola", akili inaenda moja kwa moja kwa polisi na jeshi. Dola ni mamlaka yenye mipaka na serikali. Taifa ni watu wanaojiona wamoja, wawe na serikali yao au wasiwe nayo.

Kilichotambuliwa na Itifaki ya London, Februari 3, 1830, ni dola huru, baada ya vita dhidi ya Milki ya Osmani vilivyoanza 1821. Wagiriki wengi waliachwa nje ya mipaka yake: Smyrna, Krete, Thessalia, hata Konstantinopoli kwenyewe, mji mkuu wa Waosmani. Januari 1844 mwanasiasa Ioannis Kolettis aliwaambia wajumbe wa bunge la katiba kwamba ufalme ule si Ugiriki, ni sehemu yake tu, tena ndogo na maskini kuliko zote. Kwa sentensi yako angekuja juu!

Kwa hiyo Kapodistrias, Gavana wa Ugiriki, aliyetoa sarafu ya phoenix mwaka 1828, tuseme alijenga dola. Chuo Kikuu cha Athens, kilichofunguliwa 1837 chini ya Mfalme Otto, nakiweka kwenye kujenga taifa, maana kilivuta hata vijana wa Kigiriki waliokuwa raia wa Sultani wa Osmani.

Andika "dola la", ukipenda ushauri wangu. "Dola ya" ipo na si kosa, ila karibu na habari za sarafu msomaji atadhani ni pesa.

Jihadhari pia na "wenyeji" na "wageni" ukifika kwenye mabishano ya 1844 kuhusu nani apewe kazi serikalini. Waliobaguliwa walikuwa Wagiriki, wengine walipigana vitani. Kosa lao ni kuzaliwa ng'ambo ya mpaka. "Mgeni" litampoteza msomaji. Sema "Wagiriki waliotoka nje ya ufalme", hata kama ni refu.