Chichén Itzá kwa siku moja: kabla ya bei, uliza saa ya kufika langoni

Usilipe amana hiyo usiku huu.

Umeandika, dada yangu, kwamba mwezi ujao mnatoka Houston kwenda Cancún, wewe na wanao wawili pamoja na mama mkwe mwenye maumivu ya magoti, na kwamba umepata ziara ya Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, yenye vituo vinne kwa siku moja na kwa bei moja. Unataka kujua kama ni nzuri, kama piramidi inapandwa, mvae viatu gani na chakula cha halali kinapatikana wapi. Nilipofika kwenye "vituo vinne" sikuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu ziara hiyo ndiyo niliyoinunua mimi. Sikuzaliwa mjinga, ujinga huu niliulipia dola 59 kwa kila kichwa.

Agosti 2023 mama yangu alikuwa amekuja Minnesota kututembelea kutoka Malindi, na kwa kuwa viza yake ya Marekani ilimruhusu kuingia Meksiko, tukaona tumpeleke wiki moja kwenye bahari ya watu wengine, ailinganishe na yake. Hotelini, karibu na lifti, kulikuwa na dawati la ziara, na nyuma ya dawati alikaa kijana mwenye shati la kitani na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kupanda basi analoliuza. Aliniambia mambo matatu bila kupepesa macho: kwamba kiingilio kimo ndani ya bei, kwamba tutafika mapema, na kwamba mama ataona kivuli cha nyoka kikishuka kwenye ngazi za piramidi. Nyoka huyo yupo kweli. Jua la alasiri likipiga kona za piramidi ya Kukulcán, pembetatu za mwanga na kivuli hujipanga ubavuni mwa ngazi ya kaskazini mpaka zikafikia kichwa cha nyoka kilichochongwa chini, lakini jambo hilo hutokea karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani takriban Machi 20 na Septemba 22. Sisi tulikuwa katikati ya Agosti. Ningetafuta kwenye simu kwa dakika mbili ningelijua hilo, ila nilikuwa likizoni, na akili yangu nayo ilikuwa imechukua likizo.

Risiti ilisema tungechukuliwa saa moja asubuhi, nasi saa moja kasoro robo tulikuwa mlangoni, mama akiwa na mwavuli wake na chupa ya chai. Basi dogo lilifika saa moja na dakika ishirini, likaanza kuzunguka hoteli kwa hoteli likikusanya watu, wengine wakiwa bado wanatafuna, mpaka tukafikishwa mahali ambapo tulihamishiwa basi kubwa na kubandikwa stika za rangi vifuani kama mizigo ya uwanja wa ndege. Lilipotoka mjini ilikuwa saa mbili na nusu. Kutoka Cancún hadi kwenye magofu ni takriban kilomita 200, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo hata hapo bado nilikuwa najipa moyo kwamba tungefika kabla ya jua la utosi.

Hatukwenda kwenye magofu. Tulikwenda dukani. Lilikuwa duka kubwa kama ghala, limejaa vinyago vya jiwe jeusi la volkeno, mikufu ya fedha na karatasi za kuandikiwa jina lako kwa maandishi ya Kimaya, na choo kiliwekwa mwisho kabisa, ili hata mwenye haja ya haraka asikifikie bila kupita mbele ya kila meza. Tulikaa humo dakika hamsini na tano, na ninazijua kwa sababu nilizihesabu. Kutoka dukani tukapelekwa kwenye kisima cha asili cha kuogelea, ambako foleni ya jaketi za kuelea ilikuwa ndefu kuliko kuogelea kwenyewe, na kutoka kisimani tukapelekwa kwenye chakula cha kujipakulia, ambacho bei yake haikuhusisha hata maji ya kunywa. Kila kituo kilikuwa na mtu aliyesimama mlangoni akimhesabia dereva wetu vichwa, na hapo hata mimi nikaelewa ni kwa nini ziara ilikuwa ya bei rahisi kiasi kile.

Langoni tulifika saa nane na dakika arobaini. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba kiingilio hakimo. Hulipwa kwa sehemu mbili, moja ya serikali kuu na nyingine ya jimbo la Yucatán, na mwaka ule jumla yake kwa mgeni ilizidi peso 600, fedha ambazo sikuwa nazo taslimu, kwa hiyo nilibadilishiwa dola na mtu wa kampuni kwa kiwango alichokitunga papo hapo.

Mwongozaji wetu simlaumu. Alikuwa mwenyeji wa Yucatán, mtu mwenye kuijua kazi yake, lakini alipewa dakika arobaini na watu arobaini na wawili wa lugha mbili, hivyo kila jambo alilisema kwanza kwa Kihispania kisha kwa Kiingereza, na dakika zangu zikawa ishirini. Katika dakika hizo nilijifunza kwamba piramidi ina vidato 91 kwa kila upande, na ukijumlisha pande zote nne na jukwaa la juu unapata 365, idadi ya siku za mwaka. Kupanda hairuhusiwi tena kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo magoti ya mama mkwe hayana kesi hapo. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 168, wenye zile pete za mawe zilizobandikwa juu ukutani, tuliupita kama watu wanaovuka barabara. Kisha mwongozaji akatazama saa yake, akatangaza kwamba tuna nusu saa ya kujitembeza, na kwamba atakayechelewa atarudi Cancún kwa teksi.

Eneo lile la katikati ni uwazi mtupu, halina kivuli. Mama, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 67, alikwishachoka na duka kabla hajaona jiwe hata moja la Wamaya. Alikaa pembeni, chini ya mti kando ya wauza filimbi zinazonguruma kama jagwa, yule chui wa Amerika, akaniambia, "Nenda wewe mwanangu, utanihadithia." Nilipopiga hatua mbili akaongeza, "Kwenye magofu yetu ya Gede tulizunguka kutwa, na hakuna aliyetukimbiza."

Nilikwenda mbio kuelekea kwenye Kisima Kitakatifu, kilicho mwisho wa njia ya mita 300 hivi upande wa kaskazini. Nikafika nusu ya njia, nikatazama saa, nikageuka. Sasa hebu nisikilize: jina Chichén Itzá maana yake ni mdomoni mwa kisima cha Waitza, jamii mojawapo ya Wamaya. Nilimtoa mama yangu Malindi, nikamchovya katika kisima cha kukodishiwa jaketi, kisha nikashindwa kumfikisha kwenye kisima kilichoupa mji jina lake, ambamo watu wa kale walitupa dhahabu, vito na hata binadamu kwa ajili ya sadaka. Duka lilipata dakika hamsini na tano, kisima hakikupata hata moja.

Magofu hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Yucatán, ambazo ziko nyuma ya saa za Cancún kwa saa nzima, mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ukitoka Cancún saa kumi na mbili na nusu alfajiri na usisimame popote, utakuwa langoni likifunguliwa, kwa sababu saa tatu ya Cancún ndiyo saa mbili ya kule. Wauzaji wanaijua saa hiyo kuliko wewe. Nilipomrudia kijana wa shati la kitani kulalamika kwamba tumefika karibu saa tisa, alinijibu kwa upole kwamba kwa saa za huko ilikuwa bado haijafika hata saa nane, akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi.

Februari iliyofuata nilirudi peke yangu, nikalala Valladolid, mji mdogo ulio kilomita arobaini na kitu kutoka kwenye magofu, na saa mbili kasoro robo nikawa nimesimama langoni. Wauza vinyago walikuwa bado wanasukuma mikokoteni iliyofunikwa turubai. Nilisimama mbele ya ngazi ya kaskazini nikapiga kofi moja, na vidato vikanijibu kwa mlio mwembamba unaoteremka, kama ndege anayeita, mlio ambao mara ya kwanza hatukuusikia kwa sababu makundi manne yalikuwa yakipiga makofi kwa pamoja. Kisha nikatembea, sikukimbia, mpaka ukingoni mwa kisima, maji yake ya kijani yakiwa mbali chini ya kuta za chokaa, nikampigia mama kwa video. Kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni imepita. Alikitazama kwa muda, akauliza, "Ndicho hicho? Mbona hukunipeleka?"

Kwa hiyo mwandikie huyo aliyekutumia tangazo, na umtake ajibu kwa maandishi: kwa saa za Yucatán, tutakuwa langoni saa ngapi, na tutakaa ndani kwa muda gani? Akikutajia saa ya kuchukuliwa hotelini, hajakujibu. Akianza kukusifia kisima na chakula, hajakujibu pia. Akisema mtafika baada ya saa nne asubuhi, mwache, mlale Valladolid, na mwongozaji mwenye kitambulisho mtamkodi pale pale langoni, atembee kwa mwendo wa mama mkwe. Kama umeshalipa wakati mimi nahangaika kuandika haya, isome risiti uone kama neno kiingilio limo, na kesho asubuhi wapigie uulize amana hurudishwa mpaka siku gani.