Jiko la kontena, gesi ya mtungi na nozeli za jiko bovu

Majiko ya kuchomea nyama yanayoshushwa na makontena ya mitumba kutoka Ulaya wakati mwingine huuzwa hapa Unguja kwa bei ya kutupa. Kabla hujafurahia bei, ligeuze jiko usome kibati chake. Ukiona G20 na 20 mbar (kipimo cha presha ya gesi), limetengenezwa kwa gesi asilia ya bomba. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004, lakini sisi visiwani tunapika kwa mtungi. Unatafuta jiko lililoandikwa G30 au G31, yaani butani au propani.

Muuzaji atakwambia gesi ni gesi, we funga mpira uwashe. Usimsikilize. Kwa ujazo ule ule, propani ina joto karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, na mtungi unaisukuma kwa presha kubwa zaidi. Ukiipitisha kwenye matundu ya gesi asilia utapata moto mrefu wa manjano unaoruka nje ya jiko, na masizi kwenye kila mshikaki.

Mimi nililichukua hilo hilo la G20, kwa sababu dawa yake ni ndogo: nozeli, kile kijipande cha shaba chenye tundu kinachotema gesi ndani ya kichomeo. Kwenye majiko mengi ya Ulaya nozeli imegongwa namba, nayo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Zangu zilikuwa 125, yaani milimita 1.25. Kwa mtungi, kichomeo cha nguvu ile, kama kilowati 3, kinataka 85 hivi. Na nozeli za 85 zimejaa tele kwenye majiko mabovu ya gesi ya mtungi, yale ya plate nne ambayo bati limeliwa na chumvi lakini shaba bado nzima. Plate kubwa huwa na 85, ya kati 65, ndogo 50. Nenda kwa fundi majiko au muuza vyuma chakavu na boksi spana ya namba 7, umwombe akuachie uchague. Chukua za ziada, maana meno hayafanani kwa kila jiko, na nozeli isiyoingia kwa mkono mpaka mwisho usiilazimishe kwa spana. Usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba; kipande kikikatika kinaziba tundu.

Kuna mafundi wanaoziba tundu kubwa kwa risasi kisha wanalitoboa upya. Mimi sikubali kazi hiyo. Risasi ya kulehemu inayeyuka kwa joto dogo tu, na huwezi kupima tundu la chini ya milimita moja kwa jicho. Hata kuchokonoa nozeli kwa waya wa chuma kunaipanua. Ioshe kwa petroli, ikauke kabisa, halafu ipulize.

Shaba, vyuma vya kuchomea na vitasa vya kufungulia gesi, okota tu. Mpira na regyuleta, nunua vipya. Mpira unazeeka kwa jua na joto hata kama kwa nje unang'aa, na regyuleta ndiyo inayoshusha presha ya mtungi kutoka baa kadhaa mpaka kama 30 mbar. Ile ya presha kubwa, ya majiko ya pilau la harusini, usiikaribishe hapa.

Ukishafunga, paka maji ya sabuni kila kiungo, vitasa vikiwa vimefungwa na mtungi umefunguliwa. Povu likichemka, funga mtungi, rudia kiungo. Kiberiti hakipimi uvujaji. Propani ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujificha kwenye karo na pembe za ukuta, kwa hiyo jiko likae uani penye upepo, mbali na shimo lolote, na mtungi usimame wima pembeni, si chini ya jiko.

Kinachobaki ni hewa. Propani inataka hewa nyingi zaidi ya gesi asilia, basi fungua kidogo kidogo kile kifuniko cha mdomo wa kichomeo. Fanya jioni, kiza kikianza, utauona moto vizuri: buluu yenye ncha ndogo ya manjano. Ukinguruma na kuruka juu ya matundu, punguza hewa. Wakati wa kusi zungushia kizuizi cha upepo, maana moto ukizimika gesi inaendelea kutoka.

Watakaosema nyama bila makaa si nyama nawaachia Forodhani yao. Samaki wangu wa changu anatoka vizuri, mafuta yanadondokea bati la moto na moshi unampanda.

Jiko likikaa muda bila kutumika, mulika kwanza mirija ya vichomeo. Nyigu na buibui hujenga humo, na gesi ikikuta njia imezibwa inarudi nyuma na kuwaka pale pale kwenye vitasa, ulipoweka mkono.