Kuta za Udongo Zisizopinda

Tangu sanamu yangu ya mnara wenye matao itoke tanurini ikiwa wima na bila ufa, msomaji mmoja amekuwa akinisihi nieleze siri yake. Siri hakuna. Kuna subira, ambayo wengi wetu tunaotamani kujenga makubwa kwa mikono hatuna.

Mimi hujenga kwa mabapa ya udongo uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, kwa kuwa chenga zake hupunguza kunywea na kuufungulia unyevu njia ya kutoka. Mabapa nikishayakata huyaacha yakauke nusu, yaweze kusimama yenyewe huku yakikubali kisu, ndipo hukwaruza kingo, nikazipaka uji wa udongo uleule na kuzibana. Kuta zinazoungana sharti ziwe na unyevu mmoja, kwani udongo huweza kunywea kwa asilimia 10 au zaidi kuanzia ubichi hadi kuchomwa, na ukuta mbichi uliobandikwa kwenye mkavu huvuta mpaka kiungo kikaachia.

Matao, ndugu zangu, msiyakadirie kwa jicho. Ning'inizeni mnyororo kati ya misumari miwili, mchore mkunjo wake, kisha mpindue mchoro juu chini. Tao la umbo hilo hubeba uzito wake kwa kugandamizwa tu, nao udongo huvumilia kugandamizwa kuliko kuvutwa. Gaudí, msanifu majengo wa Uhispania, alibuni kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, kwa nyuzi zilizoning'inizwa vifuko vya chembe za madini ya risasi, na yako matanuri ya wafinyanzi yaliyojengwa kwa mkunjo huohuo.

Mwalimu mmoja aliwahi kuiita kazi yangu nyumba ya mwanasesere mbele ya wanafunzi wenzangu. Sijasahau, na nakiri kwamba mnara huu niliujenga nikimfikiria yeye. Hata hivyo, anayenakili jengo zima, na madirisha yake yote, hujitafutia jina hilo mwenyewe. Chagueni kiungo kimoja, kama vile ngazi, kuba au pembe ya kuta mbili, mkikuze mpaka mtazamaji asahau jengo kilikotoka. Na muwe na subira, nasema tena.

Subira hiyo inahitajika zaidi motoni. Kabla ya nyuzijoto 100 za Selsiasi moto upande polepole, maji yaliyobaki yasigeuke mvuke ndani ya ukuta mnene. Karibu na nyuzijoto 573, ambapo chembe za kwatzi, madini yaliyomo katika udongo, hubadilika ukubwa ghafla, usiharakishwe wakati wa kupanda wala wa kushuka. Tanuri nalo msilifungue lingali na joto, hata kama wageni wamekwisha kufika kuitazama kazi.