Kuwaenzi bibi na shangazi ambao hawakujitangaza

Ndugu, umeuliza namna ya kuwaenzi bibi yako na shangazi zako, wanawake Weusi wa Marekani waliolea ukoo mzima kimyakimya, ilhali hujapata kumbukumbu za kazi zao. Ningeanza na kazi kabla ya sifa. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ya mwaka 1935, iliyoanzisha pensheni ya uzeeni, iliwaacha nje watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani, kazi ambazo wanawake Weusi wengi walizifanya, na marekebisho ya mwaka 1950 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza. Kwa hiyo kukosekana kwao katika karatasi za pensheni (hapa wengi hupotoka) hakuna maana kwamba hawakufanya kazi. Mrekodi shangazi aliye hai wakati anakunja nguo, kwa kuwa mikono ikiwa na shughuli maneno hutoka kwa urahisi, umuulize nani alilipa ada, nani alikesha na mgonjwa, na lini yeye mwenyewe alichoka. Swali hilo la mwisho usiliruke, kwani sifa za uvumilivu pekee huwafanya waonekane watu wasioruhusiwa kuchoka. Pitia pia sensa ya mwaka 1950, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, ambayo iliuliza kazi ya kila aliyefikisha miaka 14.